Nunua Masikio Kwanza

Nina maoni, na najua kuna mbogi itanikasirikia. Ukiwa na 30,000 na unataka kuanza kutengeneza filamu, usinunue ile kamera inakaa kali zaidi. Nunua kamkoda ya kawaida iliyotumika, ile ndogo ya kushika na mkono mmoja ambayo wajomba walikuwa wanabeba kwa harusi, bora tu iwe na matundu mawili: moja la maiki, lingine la hedfoni. Kama haina hayo matundu, hata iandikwe 4K na rangi ya dhahabu, mwachie mwenye duka.

Ilinichukua mwaka mzima kuweka hiyo pesa, na miezi mitatu ya kutembea nayo kwa simu bila kuitumia. Ilikuwa ndiyo pesa yote niliyokuwa nayo, na hakukuwa na nyingine inakuja nyuma yake. Wale wa YouTube wa majuu wakisema bajeti ndogo wanamaanisha dola 1,000. Mimi nahariri video za watu wa mtaa kwa shilingi 500 moja: duka la viatu Kawangware, kinyozi wa Kabiria, pasta mmoja anayetaka jina lake liwake moto kila akitokea. Nilikuwa na 31,000. Hizo ni video 62, na karibu nusu zina moto.

Na filamu nilikuwa nayo tayari kichwani, hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma. Mimi ni wa Satellite, hapa Riruta, ndani kidogo ukitoka Naivasha Road. Kabla ya saa moja asubuhi jirani yetu hutoka na ndala na leso kwa begi, anatembea hadi upande wa Lavington, anakaa kando ya barabara na wenzake wakingoja mtu asimamishe gari aseme anataka wa kufua. Kuna siku anarudi jioni na mia tano. Kuna siku anarudi saa tano asubuhi na hana kitu, anapita kwetu kuomba kiberiti ili asiingie nyumba moja kwa moja. Ni mcheshi kuliko komedian yeyote unayemfuata, lakini anaongea kwa sauti ya chini sana, kama mtu anakupea siri ya chama. Nilitaka dakika kumi na mbili za hao wanawake wakiongea wenyewe, bila mimi kuwasemea. Nilikuwa nimeona The Letter, ile dokumentari ya 2019 ya Maia Lekow na Christopher King kuhusu wazee wa Pwani wanaoitwa wachawi na familia zao. Waliiongoza wao wawili, mume na mke, na nguvu yake yote iko kwa watu kukaa nyumbani kwao na kuongea. Hakuna ndege ya kamera inapaa juu ya minazi kila dakika mbili. Nikasema, hiyo naweza.

Sasa, najua swali lako. Kwani simu imefanya nini?

Swali la haki. Simu yangu inapiga picha safi kuliko kamkoda niliyonunua, nakwambia ukweli. Sean Baker alipiga Tangerine na iPhone 5s, ikatoka 2015, na miaka kumi baadaye huyo huyo alikuwa amesimama Oscar na filamu yake nyingine, Anora. Na hapa kwetu sihitaji kumwambia mtu nguvu ya simu. Video za vijana za tarehe 25 Juni 2024 nje ya Bunge ndizo BBC walikuja kupanga fremu kwa fremu mwaka uliofuata kwenye Blood Parliament. Hakuna kamkoda ingefika pale haraka hivyo. Kama unachopiga ni kitu kinachotokea ghafla, simu inashinda. Tumalize hiyo.

Lakini watu wakitaja Tangerine hawataji nusu ya pili: sauti yake ilinaswa na vifaa vya kazi, kando na simu. Na mbele ya ile simu kulikuwa na lenzi ya kubandika ya kuipanua picha.

Halafu kuna mambo ya maisha. Simu yangu ndiyo benki yangu. Nikimrekodi mtu nusu saa, katikati inaingia meseji ya Fuliza kunikumbusha deni. Sawa, utaniambia niizime mtandao, na nimefanya hivyo, kisha kinyozi ananitafuta saa mbili nzima hanipati na kazi inaenda kwa mwingine. Simu hujaa. Simu huchemka ukiiweka kwa jua la saa nane. Ukivuta picha ya mtu aliye mbali, simu ya bei ya kawaida inakata tu kipande cha picha na kukikuza, na sura inakuwa kama ugali umemwagikiwa maji. Na kuinua simu nzuri hewani kando ya barabara kwa dakika ishirini, na boda zinapita hivyo, si ujasiri, ni kutoa sadaka.

Kitu kingine ambacho sikutarajia: ukimwelekezea mtu simu, anajua hiyo ni ya TikTok. Anasimama venye watu husimama kwa TikTok. Jirani yangu nilipomjaribu na simu mara ya kwanza alirekebisha kitambaa kichwani, akatabasamu, akauliza, "Tayari?" Halafu akanyamaza, akingoja nimwambie acheze.

Basi nikaenda tao.

Luthuli unaijua. Hata wakiipanga barabara vizuri kiasi gani, bado ni mtu ameshika mlango anakwambia, "Siz, ingia uone, kuangalia ni bure." Niliingia maduka tisa siku ya kwanza. Saba walijaribu kuniuzia kitu kimoja: kamkoda mpya, nyeusi, ndani ya sanduku linalong'aa, maandishi ya 4K, megapikseli 48, zumu mara 16, taa mbele, kimaiki cha sifongo juu, remoti, kila kitu. Bei 14,500, inaongeleka. Jina la kampuni sikuwa nimewahi kulisikia na sijalisikia tena. Nikaweka kadi yangu ndani, nikarekodi dakika moja, nikaenda nyumbani nikaifungua kwa laptopu. Faili kweli ilikuwa na ukubwa wa 4K. Lakini ilikuwa picha ndogo iliyovutwa ikawa kubwa, kama mtu amechukua picha ya pasipoti akaichapisha kwa bango. Ile zumu mara 16 ni ya kidijitali, kile kile simu hufanya. Neno la kutafuta kwa kamera ni zumu ya lenzi, ile ambayo vioo ndani vinasogea kabisa na unaweza kuvisikia ukiweka sikio. Muuzaji akikwambia ni mara 16, muulize: ya lenzi au ya kidijitali? Akianza kukuonyesha remoti, toka.

Baadaye nikaingia kwa DSLR, kwa sababu kila mtu mtaani akisema kamera anamaanisha Canon. Nilionyeshwa 600D ya kutumika na lenzi yake kwa 27,000. Picha, enyewe, tamu. Nyuma inafifia, uso unatokea, hata kibanda cha mboga kinakaa Netflix. Ina tundu la maiki. Nilikuwa karibu kulipa. Lakini 600D haina tundu la hedfoni, kwa hivyo maiki ikikatika hutajua mpaka ufike nyumbani. Na faili yake moja haipiti GB 4, ambayo kwa video ya HD ni kama dakika kumi na mbili, halafu inasimama na unabonyeza tena. Hata zile kamera za picha zilizokuja baadaye, nyingi zilikuwa zinasimama dakika 29 na sekunde 59, na sababu yake inachekesha: Umoja wa Ulaya ulikuwa unatoza ushuru zaidi kamera inayoweza kurekodi nusu saa au zaidi, kwa sababu hiyo inahesabiwa kuwa kamera ya video. Kwa hivyo mtu wa forodha Ulaya ndiye aliamua mahubiri ya Kawangware yakatwe wapi. Hakuna pasta namjua anayemaliza kwa dakika 29.

Kama unapiga filamu ya kuigiza, na fremu fupi fupi zilizopangwa, nunua hiyo DSLR na usinisikilize. Mimi nilitaka mtu aongee mpaka amalize.

Na hapa lazima niwaambie kuhusu senje.

Mwaka wa 2022 tulimzika kuka, Kakamega. Familia ilichanga, na kati ya hema, chakula na gari la mwili, ikatengwa pesa ya mtu wa video ili walio Qatar na Marekani wapate kuona. Alikuja na kamera safi, akaiweka kwa stendi nyuma ya watu, mita kama kumi na tano kutoka kwa meza ya wazungumzaji. Jenereta ilikuwa nyuma ya hema. Senje, dada mkubwa wa baba, aliongea dakika ishirini. Yeye ndiye alijua venye kuka alifika Nairobi akiwa kijana, nani alimpokea, alifikaje Kawangware, na kwa nini aliacha kutumia jina moja ambalo tuliliona tu kwa cheti chake cha ubatizo. Mimi sikumsikia. Nilikuwa upande wa jikoni na wasichana wengine tukigawa chai, kwa sababu hivyo ndivyo matanga huenda. Nilijiambia nitaona kwa video.

Senje alifariki miezi minane baadaye.

Video ninayo. Picha yake ni kali, huwezi amini. Unaona mkono wake ukienda juu akionyesha urefu wa mtu. Unaona watu wakicheka pamoja, halafu mjomba mmoja anafuta macho na kofia. Na kinachosikika ni jenereta, upepo, na mtoto mahali fulani karibu na kamera anaomba soda. Nimeipitisha kwa kila programu ya kuondoa kelele ninayojua kutumia. Kwa dakika ishirini nimepata maneno matatu: gari moshi, usiku, na jina la mwanamume ambaye hakuna mtu kwetu anamjua. Nilikuja kuangalia ile kamera ilikuwa ya aina gani. Haikuwa na mahali pa kuchomeka maiki. Hata yule jamaa angetaka, hangeweza.

Kwa hivyo mtu akiniambia picha ndiyo filamu, mimi hunyamaza tu. Wazazi wetu walinunua VCD na DVD za River Road, zile za Riverwood, zilizopigwa na kamera za kawaida, sura nyekundu na kuta za kijani, na waliziona mpaka zikakwaruzika. Picha mbaya mtu anaisamehe kwa dakika mbili na kusahau. Maneno yasiposikika, anazima.

Nikaandika kwa karatasi vitu vinne na nikaanza upya: tundu la maiki, tundu la hedfoni, zumu ya lenzi, irekodi saa nzima bila kusimama. Hiyo karatasi iliua kamera nyingi sana. Sony HDR-CX405, ile kamkoda ndogo unayoiona kila mahali, ina zumu ya lenzi mara 30 na inatoshea kwa mfuko wa jaketi, lakini haina tundu la maiki wala la hedfoni. Ni kamera ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, na kwa hiyo kazi ni sawa kabisa. Panasonic HC-V770 ilikuwa na vyote, na sensa kubwa kuliko wenzake, lakini niliyoipata ilikuwa 38,000 na mwenyewe hakutaka hata kunisalimia kwa bei yangu.

Nilijaribiwa pia na zile za kanda, MiniDV. Kuna mzee mmoja karibu na River Road alikuwa na mbili kubwa, za kazi, kwa bei ya kutupa. Filamu nzito zimewahi kupigwa na MiniDV. 28 Days Later ya 2002 sehemu kubwa ni Canon XL1. Lakini kanda ya saa moja ni lazima uicheze saa moja nzima kuiingiza kwa kompyuta, inakula kama GB 13, na inapitia waya wa FireWire, ambao laptopu za siku hizi hazina pa kuuchomeka. Kanda zenyewe ni za kutafuta kama dawa. Na tangu watu waanze kupenda ile picha ya zamani yenye tarehe pembeni, hata kamkoda mbovu ya mwaka wa 2004 mtu anakuitisha bei ya kitu kinachofanya kazi. Kama unataka video ya muziki yenye hisia za utoto, azima ya mtu. Usiioe.

Niliyonunua ni Canon Legria HF R806. Nilipata tangazo mtandaoni, tukakutana na mwenyewe ndani ya mkahawa tao, mchana, mahali pana watu na soketi. Alitaka 24,000. Zumu ya lenzi mara 32, maiki ndani, hedfoni ndani, kadi ya kawaida ya SD. Sensa yake ni ndogo kama punje ya mahindi, na hiyo ndiyo dhambi yake: jua likizama inaanza kuona vumbi ambalo halipo.

Kabla sijamwambia bei yangu nilikaa nayo dakika arobaini, na yule jamaa alikunywa chai mbili akiniangalia kama mwalimu wa mtihani. Nilikuwa nimebeba kadi yangu, maiki yangu na hedfoni zangu. Nilifungua na kufunga ile skrini ya pembeni mara thelathini, nikiigeuza huku na huku, kwa sababu waya mwembamba unaopita kwa bawaba ndio hufa kwanza, na ukifa picha inaanza kucheza. Nilifunika lenzi na kurekodi giza, kuona kama kuna vidoti vyeupe vinavyokataa kutoka. Nikamulika tochi ya simu ndani ya lenzi kutafuta ukungu, ile fangasi kama utando wa buibui. Kamera iliyokaa Mombasa kwa kabati miaka mingi mara nyingi huwa nayo. Nikavuta zumu mpaka mwisho nikisikiliza. Nikachomeka maiki na nikatikisa ile pini polepole, kama sauti inakwaruza tundu limelegea. Nikaacha irekodi yenyewe mpaka ile chai ya pili iishe.

Na kuna moja ambayo hakuna mtu aliniambia, nikaijua kwa kusoma. Canon walikuwa wanauza kamkoda hizi kwa majina tofauti. Ukiona LEGRIA ubavuni, ni ya huku kwetu na Ulaya. Ukiona VIXIA, imetoka Amerika Kaskazini. Muuzaji atakwambia ni kitu kimoja, na kwa macho ni kitu kimoja. Lakini stima ya Marekani inapiga mizunguko 60 kwa sekunde na yetu 50, na kamera imetengenezwa kufuata mwendo wa taa za kwao. Ukiileta ndani ya kanisa la Satellite lenye zile taa ndefu za mrija, ukuta wote unaweza kuanza kupumua, mwanga unapanda na kushuka. Nje kwa jua hutaona shida. Kwa hivyo kamera ya kutumika usiijaribu mlangoni tu. Iingize ndani, chini ya taa, urekodi, kisha uangalie kwa skrini kubwa kabla hujatuma M-Pesa. Na iwe VIXIA au LEGRIA, soma maandishi ya chaja: ya Canon yenyewe kwa kawaida inakubali volti 100 hadi 240, lakini ile ya kubahatisha haina adabu.

Tuligonganisha mikono kwa 19,500.

Hiyo 11,500 iliyobaki ndiyo watu husahau. Maiki ya kubana kwa nguo, BOYA BY-M1, yenye waya wa mita 6, ilikuwa 1,600. Kadi ya GB 32 ni 1,200. Kwa kiwango cha megabiti 17 kwa sekunde inabeba karibu saa nne. Betri kubwa 2,200, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inapumua dakika arobaini tu. Stendi ya miguu mitatu 2,500, mguu mmoja una kiburi lakini tumezoeana. Diski ya nje ya kutumika 3,000. Shilingi 1,000 ikabaki ya nauli na chipsi.

Diski ndiyo mathe aliuliza, "Na hii nayo?" Nikamweleza kuhusu Nabwana wa Wakaliwood, kule Wakaliga, Kampala. Isaac Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Kompyuta alijiundia mwenyewe kwa vipande, na mwaka wa 2010 akatengeneza Who Killed Captain Alex? na majirani zake, kwa pesa ambayo haitoshi kununua lenzi moja ya maana. Ilipoingia YouTube mamilioni ya watu waliiona. Lakini filamu asili haiko. Kompyuta ilikuwa imejaa, akaifuta ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Kinachoonekana leo duniani kote kimetoka kwa nakala ya DVD. Mathe akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa hiyo diski iweke kwa kabati langu, si kwa hiyo chumba yenu inavuja." Iko kwa kabati lake, chini ya vyeti.

Kamkoda ina bei nyingine isiyoandikwa. Ukitoa simu tao hakuna anayekuangalia. Ukitoa kamera kwa stendi, hata iwe ndogo kiasi gani, askari anatokea kabla hujasawazisha miguu. Na sheria iko: Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kabla ya kutengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani au ya kuuzwa. Kwa nyumba ya jirani yako, ukifanya mazoezi, hakuna mtu atakuja. Lakini kama una mpango wa kuipeleka mahali, ulizia bodi mapema, na usisimame kati ya Kimathi Street ukidhani tabasamu litakutoa.

Upande mwingine, kamkoda imeniletea kazi ambayo simu haikuleta. Wiki ya tatu, shule ya chekechea ya hapa karibu iliniita kwa mahafali ya watoto. 4,000. Nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi, maiki yangu kwa meza ya mwalimu karibu na spika, na kwa zumu nikawa naona hadi kamasi. Kila mzazi alikuwa amesimama mbele na simu yake juu, wanazibiana, na wote wakaja mwishoni kuniuliza kama watapata nakala. Sasa nina matanga mawili nimeitwa. Kwa matanga siulizi. Naweka maiki mezani kwanza, natafuta jenereta iko wapi, na namuomba mwenyewe aisogeze nyuma ya nyumba. Kuna mtu husema nasumbua. Sawa.

Filamu yenyewe inaenda polepole. Jirani amekubali, na wenzake wawili. Siku ya kwanza nilimbana maiki ndani ya leso, nikapitisha waya chini ya kiti, nikavaa hedfoni. Nikasikia kitu kikigonga: tak, tak, tak. Ilikuwa bangili yake ikigusa maiki kila akiinua mkono. Nikamwomba aitoe, akaitoa, akaiweka magotini. Niliweka kamera mbali, karibu na mlango, nikavuta zumu taratibu. Hakuuliza kama iko tayari. Kwanza nadhani alidhani bado napanga vitu. Akaanza kuongea na mathe kuhusu mwanamke mmoja wa Lavington anayehesabu soksi kabla na baada, na ile sauti yake ya chini ikaniingia masikioni kama ameniinamia mimi peke yangu. Dakika 47, bila kusimama. Ndani kuna simu ya mathe ikilia mara mbili na jogoo wa mtu, lakini kila neno liko.

Taa bado sina, na ile sensa ndogo haina huruma. Kwa sasa tunarekodi kabla ya saa kumi na mbili jioni, mlango ukiwa wazi.